Kobe Aliyefunga

Wamepuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, tena leo alfajiri. Jirani yangu hapa Ruangwa ana mikorosho michache nyuma ya nyumba na mashine yenye kelele kuliko faida yake, na kila mwaka miti ikitoa maua huniamsha nayo kabla ya muadhini. Nguo nilizosahau kwenye kamba zimegeuka za njano. Chai inanuka salfa, chapati inanuka salfa, na mimi nimeshakasirika kabla sijanawa uso. Jirani anadhani nimekasirikia nguo. Nimemwacha adhani hivyo, maana nikianza kumweleza kwamba harufu hii ilimfanya dada yangu aitwe mwizi wa chakula, tena katika msimu ambao hapakuwa na chembe ya salfa kijiji kizima, ataona mimi ndiye ninayehitaji kupelekwa hospitali.

Tulikuwa tunakaa Nandagala. Baba alikuwa na mikorosho aliyoachiwa na baba yake, ufuta kidogo, na mihogo ya kula. Bibi, mama yake baba, alikaa nasi. Kiswahili chake alikiweka kwa ajili ya wageni na kugombeza watu. Mambo mengine yote aliyasema kwa Kimwera. Dada yangu, Somoe, alikuwa na miaka kumi na miwili hivi, nami nilikuwa bado meno ya mbele hayajaota yote. Mwaka ninaousema, Ramadhani iliangukia kwenye mavuno ya korosho. Aliyewahi kufunga wakati wa mavuno hahitaji kuelezwa. Jua liko utosini, mabibo mekundu na ya njano yametapakaa chini ya miti yakichuruzika maji, nzi na nyuki wanafaidi, nawe unayashika moja baada ya jingine. Unaokota bibo, unaizungusha korosho mpaka ing'oke, korosho kwenye ndoo, bibo kwenye lundo. Mikono inanata utamu usioruhusiwa kuulamba. Mimi nilifunga nusu siku kama watoto wenzangu, yaani mpaka njaa iniume. Somoe alikuwa ametangaza kwamba mwaka ule anafunga mwezi mzima. Hakuna aliyemlazimisha, wala hakuwa amevunja ungo. Ulikuwa ukaidi wake tu, na alijivunia.

Siku za mwanzo za mfungo tulikuwa chini ya mkorosho mmoja, mimi na yeye, akanyamaza katikati ya maneno. Akainua pua.

"Mbona salfa?" akasema.

Nikageuka kutafuta mashine. Salfa gani wakati wa mavuno? Salfa hupulizwa kwenye maua, siyo kwenye korosho zilizokwisha kuanguka. Nilipomrudia, Somoe alikuwa anatafuna. Midomo kaifumba, taya zinakwenda polepole, halafu akameza. Mkono wa kulia ulikuwa unasugua pindo la khanga, unasugua tu, na macho yalitazama kitu nyuma yangu.

"Unakula nini?" nikamuuliza. Kimya. "Nipe na mimi." Kimya vilevile. Baada ya muda akapepesa macho, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza nimefika, akauliza ndoo yake iko wapi. Ilikuwa mkononi mwake.

Basi nikapata jibu langu, na nililipenda sana. Salfa ilikuwa ujanja. Anasema "salfa" ili nigeuke, nami nikigeuka tu, anatumbukiza kitu kinywani. Tangu siku hiyo, alipotaja salfa sikugeuka ng'o. Nilimkodolea macho. Na kwa kuwa sikugeuka, niliona kila kitu: jinsi rangi ya uso inavyomtoka, jinsi taya zinavyoanza kabla ya mkono, jinsi mkono ni ule ule wa kulia kila mara, jinsi akirudi anakuwa mchovu na anataka kulala. Kitu pekee ambacho sikukiona ni chakula. Mtu mwenye akili zake angejiuliza hapo. Mimi nikahitimisha kwamba dada yangu ni fundi. Nikapekua fundo la khanga yake, nikapekua chini ya mkeka wetu, nikachokonoa makuti ya paa upande anaolala, nikapata kitana na kipande cha kioo. Na kilichoniudhi hata si kule kula. Kiliniudhi kwamba hanigawii.

Siwezi kujilaumu sana, maana watu wazima walikuwa na miaka yao yote na hawakunipita. Siku moja salfa ilimjia kisimani, mbele ya wenziwe. Kwetu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha huitwa kobe, na watoto hawahitaji ushahidi wa pili. Walimsindikiza mpaka nyumbani wakiimba, kobe huyo, kobe huyo, kala mchana kobe huyo. Somoe akawageukia, akatoa ulimi. Ndivyo tulivyokuwa tunapimana: ulimi wa aliyefunga ni mweupe na mkavu. Ulimi wake ulikuwa mweupe kama unga. Ungedhani wangenyamaza. Mmoja akasema amejipaka unga.

Ndivyo walivyokuwa, na mpaka leo ndivyo walivyo, nami nachoka. Ukiwaonyesha doa watasema umekula. Ukiwaonyesha kwamba huna doa watasema umenawa. Maji ya bibo hayatoki kwenye nguo hata ufue na magadi, kila mtu wa kwetu anajua hilo, na khanga ya Somoe haikuwa na doa jipya hata moja kifuani. Hakuna aliyeitazama khanga. Jirani yetu, Mama Saidi, alikuja kwa mama jioni ile, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Shoga, nisikufiche," akasema. "Mwanao anatafuna. Nimemwona kwa macho yangu haya. Nikamwita, hata hakushtuka. Mtoto kukosa haya kiasi kile, mie sijaona."

Baba alisikia, na kwa kumtendea haki niseme kwamba alikuwa wa kwanza kuuliza. "Hawezi kuwa anaumwa?" Alimuuliza bibi, kwa sababu mambo ya magonjwa yalikuwa ya bibi.

"Anaumwa nini?" bibi akajibu. "Ntoto ana njaa huyo. Kifafa si twakijua? Cha Bakari si twakiona? Huyu anaanguka? Haanguki."

Bakari alikuwa kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kifafa kijijini kilikuwa ni yeye. Alianguka njiani, alianguka shambani, na aliwahi kuangukia moto, mkono mmoja ukabaki umejikunja. Tulifundishwa kukimbia akianguka, tusije tukakanyaga povu lake. Alikula peke yake na sahani yake ilitobolewa tundu pembeni isije ikachanganyika na za wengine. Hiyo ndiyo elimu tuliyokuwa nayo: kifafa ni kuanguka, kutetemeka na povu, na asiyeanguka hana kifafa, ana tabia mbaya. Nyumba nzima ilikubali hoja ya bibi. Hata baba akainamisha kichwa.

Kesho yake, jua lilipofika katikati, mama alipika uji wa muhogo. Niliufurahia nikidhani ni wangu. Akaumimina kwenye bakuli la bati, akauweka uani kwenye mkeka, mahali ambapo anayepita njiani anaona, kisha akamwita Somoe.

"Kaa hapa, mwanangu."

"Sijala, mama."

"Sijakugombeza. Hujafika umri wa kufaradhishiwa. Ukila huna dhambi." Mama alikuwa anasema polepole, na usiku ule hakuwa amelala vizuri, ilionekana. "Dhambi ni kula kwa kuiba, halafu magharibi unakaa nasi kwenye futari unasubiri adhana kama sisi. Kula mbele za watu, mwanangu. Mbele za watu hakuna aibu."

"Mama, wallahi sijala."

"Usiape."

Nadhani kama mama angempiga ingekuwa afadhali. Kofi linapoa. Lakini kufunga ni jambo ambalo hakuna shahidi isipokuwa Mungu, na mtoto aliyeambiwa na mama yake kwamba haaminiwi katika hilo hana pa kwenda kukata rufaa. Somoe alikaa. Akakunja mikono, akautazama uji. Mama alikaa mbele yake akichambua ufuta kwenye ungo. Mimi nilikaa pembeni nikiutazama uji kuliko wote. Watu walipita, wakasalimia, wakaona bakuli, wakaelewa walichotaka kuelewa. Mama Saidi alipita mara mbili. Uji ukapoa, ukaweka utando juu, ule mgumu unaokunjamana ukiugusa na kijiko. Somoe hakugusa.

Halafu akainua pua. "Salfa," akasema taratibu.

Nikamkodolea macho kwa mazoea. Taya zikaanza. Mkono wa kulia ukaenda kwenye pindo la khanga. Mama akainua uso kutoka kwenye ungo, akamwona anatafuna, na nikaona hasira inampanda, kinywa akakifungua aseme. Kisha akaangalia bakuli. Utando ulikuwa mzima, haukuchanika popote. Akaangalia kinywa. Akaangalia bakuli tena.

"Somoe," akaita. "Somoe, watafuna nini, mama?"

Safari ile haikuishia pale. Kichwa cha Somoe kikaanza kugeuka upande wa kulia, kikavutwa kana kwamba kuna mtu anamwita, akatoa sauti isiyokuwa yake, akaanguka chali. Akakakamaa, kisha akaanza kutetemeka mwili mzima. Ufuta ukamwagika uani. Watu walijaa sijui wametoka wapi. Mmoja alisema asiguswe, mate yale yanaambukiza. Mwingine akataka kijiko amtie kati ya meno. Mwingine alivua kandambili ampe aivute harufu. Mama hakumsikiliza hata mmoja. Alivua khanga yake ya juu akaikunja chini ya kichwa cha mwanawe, akamlaza ubavu kwa sababu povu lilikuwa linamkaba, akabaki amemshika begani. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa tu hawezi kukimbia.

Nilimwona Bakari amesimama nyuma ya watu. Wengine walikuwa wanarudi nyuma, yeye alikuwa anasogea mbele, kashika ule mkono wake uliojikunja. Alitazama mpaka mwisho, mpaka Somoe alipotulia na kuanza kukoroma.

"Kumbe ndiyo huwa hivi," akasema. Akamwambia mama, maana hakuna mwingine aliyekuwa karibu. "Mimi sijawahi kujiona."

Somoe alilala mpaka alasiri ilipokwisha. Alipoamka alikuwa amejing'ata ulimi na mwili wote unamuuma. Bibi alikuwa mlangoni akisema kifafa, kifafa, kifafa kimeingia ndani ya nyumba hii. Somoe akamsikiliza muda, akauliza uji uko wapi. Mama akauleta. Hakuwa ameumwaga. Alikuwa ameuficha chini ya kawa, akauweka mbele ya Somoe na utando wake, kisha akalia.

"Kwa hiyo mmeona sikula," Somoe akasema.

"Tumeona."

"Basi afadhali nimeanguka."

Nimelibeba neno hilo miaka yote hii na bado linanipandisha hasira. Mtoto wa miaka kumi na miwili, kinywa kina damu, anashukuru kuanguka kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kuaminiwa. Mama aliulinda ule uji kama amana. Aliwaita baba na bibi wautazame, akamwita na Mama Saidi. "Tazama utando huu," akamwambia. "Alikuwa anatafuna, na bakuli zima hili hapa." Mama Saidi alitazama kwa adabu, lakini hakuwa na haja tena na uji. Kesi ilikuwa imeshabadilika. Wiki ile ile watoto wakaacha kuimba kobe, na mama zao wakawakataza kuchota maji akiwapo Somoe. Bibi akatafuta msumari ili atoboe sahani. Mama akamnyang'anya ule msumari, akautupa chooni, nikajua kwamba heshima ya mkwe ina mwisho.

Mjomba wetu alikuwa anakaa Mnero, upande wa Nachingwea. Habari zilipomfikia alituma ujumbe kwamba mtoto apelekwe kliniki ya kule, asipelekwe kwingine kwanza. Bibi alitaka kwingine kwanza. Tukaenda kwa mjomba, mama, Somoe na mimi, kwenye gari lililokuwa linabeba korosho, na Ramadhani bado haijaisha.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mlango wake haufungi vizuri, na benchi la wagonjwa lilikuwa palepale nje. Mama alimsimulia kuanguka. Alisimulia vizuri, tangu sauti mpaka kukoroma.

"Ameanguka mara ngapi?" daktari akauliza.

"Mara moja tu."

"Na hizo nyingine?"

"Nyingine zipi?"

Daktari akamgeukia Somoe. "Kabla hujaanguka ulisikia nini?"

"Nilinusa salfa," Somoe akasema. "Huwa naisikia hata nisipoanguka. Kisha sijui kinachoendelea. Nikirudi nakuta wananiita kobe."

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, mimi nikiwamo, na mimi nililisikia lile neno salfa kila mara. Daktari akamwomba mama aonyeshe mtoto anavyofanya baada ya kunusa. Mama akasita. Kisha akaweka macho mbali, akashika pindo la khanga yake kwa mkono wa kulia, akaanza kulisugua, na akatafuna. Alitafuna polepole, midomo imefumba, akameza. Aliigiza sawasawa kabisa. Kule benchini mzee mmoja mwenye kofia akamwona kupitia mlango.

"Astaghfirullah," akasema. "Mchana wote huu, mama mzima."

"Sili, baba," mama akamjibu bila kugeuka. "Naonyesha tu."

"Ndiyo hivyo," Somoe akasema. "Na mimi nilikuwa sili." Akacheka, ingawa ulimi ulikuwa bado unamuuma.

Daktari alitueleza kwamba kifafa hakina sura moja. Ni cheche za ubongo, alisema, na zinategemea zimewakia wapi. Za Somoe zinaanzia mahali pamoja, karibu na panapotambua harufu, ndiyo maana ananusa kisichokuwapo. Zikibaki hapo anatafuna, anasugua nguo, hajui kama anaitwa, na haanguki. Zikisambaa ubongo wote ndipo anaanguka. Wako watoto wanaoduwaa tu kwa muda mfupi, kalamu mkononi, kisha wanaendelea, na mwalimu anawachapa kwa kutosikiliza. Wako wanaorushwa mikono asubuhi wakamwaga chai, nao wanaitwa wazembe. Mate ni mate tu, hayaambukizi, na kijiko kina kazi yake kwenye uji, si katikati ya meno ya mgonjwa. Mama alikuwa anatikisa kichwa kila neno. Kisha daktari akatoa vidonge, vya asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja, akamwambia Somoe asikeshe na asikatishe usingizi kwa ajili ya daku.

"Na kufunga?" Somoe akauliza.

"Wewe usifunge, mwanangu. Kwa hali yako, usingizi na dawa ndivyo vitakavyokulinda. Mungu hakukuwekea ugumu huo."

Hapo ndipo Somoe alipolia. Hakulia kisimani, hakulia mbele ya uji. Alilia kwa kuambiwa asifunge, siku chache baada ya kuthibitika kwamba alikuwa amefunga.

Leo Somoe ana nyumba yake Nachingwea mjini, mume na watoto wawili, na hajaanguka kwa muda mrefu. Salfa humjia mara mojamoja akiwa amechoka sana; hukaa chini, watoto wake wanamshika bega, wanasubiri. Hao wadogo wanajua kuliko kijiji chote kile. Mimi ndiye nisiyetulia. Juzi jirani huyu wa salfa alikuwa analalamika kwamba mwanawe wa darasa la pili ana kiburi, anaitwa katikati ya kula, anaduwaa, kijiko hewani, hajibu. Nikamwambia ampeleke hospitali. Akacheka. "Kwani anaanguka?" akaniuliza. Niliingia ndani nisije nikasema neno.

Na kila Ramadhani, mama yetu hutoka Nandagala kwenda kukaa kwa Somoe. Amezeeka, na bado anafunga siku zote. Jua likifika katikati anapika uji wa muhogo kwa mikono yake, anaumimina bakulini, anautoa barazani kwenye njia ya watu, anakaa mbele ya mwanawe na kuukoroga mfululizo usije ukaweka utando. Mwaka huu nilikuwapo. Mtoto mmoja wa mtaani akapita, akamwona Somoe na kijiko, akaguta kobe huyo, akakimbia. Nikainuka nimfuate, maana mimi hasira zangu hazijaisha. Mama akanivuta nguo nikae. Akaendelea kukoroga.

"Kula, mwanangu," akamwambia Somoe. "Kula mbele za watu."